Farasi Aliyenyima Mguu

Zizini, tarehe 9 Machi

Kwako Bibi,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, nalala, na ule mfupa wa shavu uliosema utatoboa ngozi sasa umejifunika kidogo. Msalimie Baba na Mama. Fundi cherehani jirani mwambie sketi yake bado inadumu, ingawa farasi wameshaitafuna pindo. Na Karani mkune nyuma ya sikio kwa niaba yangu. Huku farasi ni wengi, lakini sijaona anayetembea kainamisha kichwa kama mtu anayesoma faili.

Kazi naipenda. Asubuhi nazoa samadi, nabadilisha nyasi za kulalia, nachokoa kwato. Mchana wapandaji wakishaondoka, mwalimu wa kupanda hunipa farasi mtulivu, tunakwenda mwendo wa kawaida, kisha matiti, ule mwendo wa kudundadunda, kisha mwendo wa kawaida tena. Anasema nakaa vizuri ila naongea mno na farasi. Nimemwambia ndivyo nilivyolelewa.

Sasa Bibi, kuna jambo. Mwenye zizi amenipa farasi wangu wa kwanza wa kufundisha. Ni jike, bado mbichi, mwekundu mwenye miguu myeusi, na watu wote wanamwita Kisirani. Lijamu mdomoni anakubali, tandiko mgongoni anakubali, ukimwongoza kwa kamba anafuata kama kondoo. Tatizo ni mguu mmoja, wa nyuma wa kushoto. Mingine mitatu anakupa. Huo ukiugusa anakaza, anakuegemea kwa uzito wake wote, na ukishikilia anarusha teke. Fundi kwato amekuja akaondoka bila kuukata, na ukwato umerefuka hadi umeanza kupasuka ncha.

Mwenye zizi amesema farasi asiyeshikika miguu hawezi kuwekwa chini ya watoto wa watu. Likizo ya Julai ikimkuta hajatoa mguu, atamwita mnunuzi. Si mnunuzi wa farasi wa kupanda, Bibi. Ni yule wa kuchinja.

Ana macho kama ya mtu anayetaka kukuambia kitu. Sitaki aende. Nifanyeje?

Na wewe je, bado mnatoka na Karani alfajiri kupeleka maziwa?

Mjukuu wako


Nyumbani, tarehe 28 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mwenyewe, kidole kwenye mstari, wala sikumwita mtu. Baba yako ananiambia ninunue simu tuwe tunaongea. Nimemwambia simu ni ya watu wenye haraka. Mimi mtu akiniudhi nataka kumsoma mara mbili ndipo nimjibu.

Huku wazima. Mama yako kikohozi kimemwacha. Baba yako ameupaka mlango wa mbele rangi ya kijani, sasa wagonjwa wanapita wanauliza kama tunauza dawa. Fundi cherehani anasema pindo ni juu yako, yeye sketi alimshonea binti, hakumshonea mbuzi.

Haya, tuanze ugomvi. Nani kampa mnyama jina la Kisirani? Mtoto ukimwita mwizi tangu anatambaa, siku akiiba unashangaa nini? Mtafutie jina la kibinadamu. Na hayo mambo ya macho yaache. Farasi wote wana macho ya kutaka kukuambia kitu, hata anayetaka kukuambia ondoka nipite. Farasi anasema kwa masikio, kwa mkia, na kwa pale anapoweka uzito wake. Wewe umesomeshwa ukajua vitabu vya watu, halafu unasoma macho!

Sasa sikiliza. Mimi shule niliacha darasa la tatu, lakini kwato nilishika kabla baba yako hajazaliwa. Usimwendee kwa nyuma kama askari anayekamata mtu. Simama begani kwake, uso wako uelekee mkiani. Weka mkono mgongoni, ushushe polepole, kiunoni, pajani, gotini, hadi chini, usiuinue njiani ukamshtua. Akikaza, kaa hapo hapo, pumua. Akilegea hata kidogo, toa mkono wewe kwanza. Farasi hajifunzi kwa kubanwa, anajifunza kwa kuachiwa. Hilo liandike ukutani.

Asipokubali hapo, ndipo unatumia kamba. Tafuta kamba nene, laini. Izungushe kifundoni, mwisho wake uupitishe shingoni, uinue mguu kidogo, ufunge. Mwache agombane na kamba, asigombane na wewe. Atachoka, atasimama, habari imekwisha. Ndivyo nilivyomfunza Karani alipokuwa kijana mwenye kiburi kuliko baba yako, na leo ukimwonyesha kisu cha kwato ananyanyua mwenyewe.

Umeuliza kama tunatoka. Hatutoki sana. Mvua imeharibu njia, tope hadi magotini, na Karani hapendi kuchafuka. Maziwa baba yako anapeleka kwa baiskeli, anayatikisa yanafika siagi.

Kula. Usinidanganye na mfupa wa shavu.

Bibi yako


Zizini, tarehe 20 Aprili

Kwako Bibi,

Shikamoo. Natumaini wote wazima. Mimi mzima.

Nimejaribu kwa mkono ulivyosema. Nimejaribu na kamba. Bado. Mguu wa nyuma wa kulia hunipa hata kabla sijauomba, lakini wa kushoto hataki.

Nimembadilisha jina, namwita Tulia. Wenzangu wanacheka.

Samahani kwa mwandiko, taa ya chumbani ni hafifu. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Mjukuu wako


Nyumbani, tarehe 2 Mei

We mtoto,

Marahaba, na salamu zetu utazikuta mwisho wa karatasi kama nitakumbuka.

Taa hafifu hailazi herufi upande wa pili. Tangu ulipoanza kushika kalamu maandishi yako yanainamia mbele kama mtu anayekimbilia basi. Haya yameinamia nyuma kama mtu anayevutwa shati. Na ukurasa mzima una wino uliofutwa na kiganja. Umeandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia uko wapi?

Usinijibu kwamba umechoka. Usinijibu kwamba umeteguka kidogo. Umepigwa teke, umenificha, umemficha na mama yako, ambaye anajisifu hapa kwa majirani kwamba mwanawe anafundisha farasi. Mimi nimemwacha ajisifu. Ila siku mbili hizi chai yangu haina ladha.

Kamba ile ichome moto. Usiniulize kwa nini, ichome.

Nimekutumia mafuta ya kuchua. Baba yako ameyafunga kwenye mfuko wa nailoni mara tatu na bado yatavuja, kwa sababu ni baba yako. Usichue penye mfupa uliovunjika, chua pembeni. Na nenda kwa daktari, wenye elimu wako kwa ajili hiyo.

Huyo Tulia, jina ni zuri. Sasa fanya kazi moja tu, isiyohitaji mkono. Kaa kwenye ndoo mlangoni mwa banda lake umwangalie akiwa hana kazi. Anasimamaje? Anapumzisha mguu upi? Akipita kwenye kokoto anafanyaje, na akipita kwenye majani je? Uniandikie yote, hata yale unayoona ni ya kipuuzi. Sijui natafuta nini. Nikijua nitakuambia.

Sisi wazima. Karani mzima. Hatujatoka bado, tandiko liko kwa fundi, mshono umeachia.

Bibi yako


Zizini, tarehe 19 Mei

Kwako Bibi,

Shikamoo. Mafuta yamefika. Yalivuja, chumba kizima kinanukia wewe, na sijakisafisha.

Ni kweli nimeumia mkono. Mfupa wa kiganja umepata ufa, nimefungwa plasta, daktari anasema utaunga. Lakini Bibi, Tulia hakunipiga teke. Nilimfunga kamba kama ulivyoniagiza. Mguu ulipoinuka akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa farasi, akaanguka kwa makalio, akawa anafurukuta pale chini. Nilikimbilia fundo nilifungue, akajivuta, kamba ikanibana mkono kwenye nguzo. Nilipomaliza kumfungua alisimama anatetemeka, akaja akaniwekea kichwa tumboni. Mnyama mwenye kisirani hafanyi hivyo.

Sikutaka kukuandikia kwa sababu ungejua ni kamba. Wewe uliniambia farasi anajifunza kwa kuachiwa. Kamba haiachii, Bibi. Nisamehe kwa kusema.

Nimekaa kwenye ndoo. Wenzangu wanasema nimeajiriwa ulinzi. Haya ndiyo niliyoona. Akiwa hana kazi, hupumzisha mguu wa kulia wa nyuma, ncha ya ukwato ikigusa chini tu. Wenzake hubadilisha, mara huu mara ule. Yeye ni huo huo tu. Kwenye majani anakwenda vizuri. Kwenye kokoto anafupisha hatua, mwalimu anasema ni uvivu. Nikimnyanyua ule wa kulia anashusha pumzi ndefu, anaweza hata kusinzia. Nikimgusa wa kushoto ananiegemea kama mgeni aliyelewa, kama anataka mimi ndiye nimbebe.

Mnunuzi amekuja. Ni mtu wa adabu, alinisalimia vizuri. Alimzunguka Tulia bila kumgusa, kama mtu anayepima nguo kwa macho. Atarudi mwisho wa Juni. Mwenye zizi hafurahii, lakini ameshasema, na akisema amesema.

Jambo la mwisho, usinikasirikie. Baba ameniandikia. Anasema tandiko halijaenda kwa fundi yeyote, limetundikwa pale pale ukutani na lina vumbi. Anasema Karani hajapandwa tangu kabla ya mvua, na ukiulizwa unageuza maneno. Bibi, una nini?

Mjukuu wako


Nyumbani, tarehe 1 Juni

Mke mwenzangu,

Baba yako ana mdomo kama mlango wa duka, na nimemwambia hivyo mbele ya mkewe.

Barua yako ilikaa chini ya godoro siku kadhaa. Nilikuwa na hasira, kwanza na baba yako, kisha na wewe kwa lile neno la kamba, kisha na kamba yenyewe. Hasira zilipokwisha nikaitoa, nikaisoma tena. Sikuwa na dawa. Nilikuwa nimeshakuambia yote niliyokuwa najua, na nusu yake ilikuvunja mkono.

Sasa nisikilize, maana kilichonipa jibu hakikutoka kichwani kwangu.

Unakijua kile kidato cha mlango wa jikoni, kile cha saruji ambacho ulijikwaa ukapoteza jino. Juzi nilikuwa natoka kuanua nguo, beseni mkononi, nataka kuingia ndani. Mguu wangu wa kulia ni mzima, hauna neno. Nikauambia panda. Haukupanda. Umeganda pale chini kama umepigwa msumari. Nikauambia tena. Nikautukana, tena tusi ambalo mama yako hajawahi kulisikia kwangu. Mama yako akaja mbio, akainama, akanishika goti la huo mguu mzima anisaidie kuuinua. Nilimsukuma, beseni likanitoka, akalikalia na nguo zilizomo.

Yeye akaanza kulia. Mimi nikabaki nimeshika fremu ya mlango, najiuliza, nimemsukuma kwa nini? Mtu kaniinua mguu mzima, mguu usiouma!

Ndipo ikaniingia. Mguu mzima haukuwa na kiburi. Ulijua kwamba ukiinuka, mwili wote utamwangukia mgonjwa.

Maana mgonjwa yupo. Ni nyonga ya kushoto. Ilianza kabla ya mvua, nikasema ni baridi, nikasema ni godoro. Siku moja nikatia mguu kwenye rikabu, nikainua mwili, na pale katikati, si juu si chini, nikapata maumivu ambayo yalinifanya nimshike Karani manyoya ya shingo na kuning'inia kama nguo kwenye kamba. Akasimama kama mti hadi nikateremka. Sijapanda tena. Tope halikuwa kitu, na tandiko ni zima. Haya, umefurahi? Mwambie na baba yako afurahi.

Sasa acha mambo yangu, muda wa huyo mnyama unakwisha. Uacheni mguu wa kushoto, msiuguse kabisa. Mwite fundi kwato amshike ule wa kulia, ule anaokupa kabla hujaomba. Sote tulimsifu kwa mguu huo tukaona ana adabu. Mtu akikupa mzigo kabla hujamwomba, ujue mzigo unamwelemea. Aguse ukwato kwa kiganja kama una joto kuliko mingine. Agonge kwa nyundo ndogo, taratibu, kuzunguka ukingo wote, wewe ukimwangalia masikio. Kisha abane kwa koleo, kidogo kidogo. Na daktari wa mifugo awepo, asiwe na haraka.

Inawezekana nimekosea. Mwaka huu nimeshakosea mara moja na unajua wapi. Lakini nyonga yangu haijasoma, haijui kudanganya.

Usisubiri kunijibu. Nenda leo.

Bibi yako


Zizini, tarehe 28 Juni

Kwako Bibi,

Shikamoo, shikamoo tena, na ya tatu mpe Karani.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, nikaenda nayo moja kwa moja kwa mwenye zizi. Nilimsomea ile sehemu ya kidato na beseni la nguo. Samahani. Hakucheka. Alipapasa goti lake mwenyewe, kisha akasema, "Mwite fundi."

Fundi kwato alimnyanyua Tulia ule mguu wa kulia, naye akautoa kama kawaida yake. Joto halikuwa kubwa. Akagonga ukingo wa ndani, masikio yametulia. Akagonga mbele, yametulia. Alipofika ukingo wa nje karibu na kisigino, Tulia alirudisha masikio yote mawili na ngozi ya paja ikacheza. Fundi akaniangalia. Akasema, "Mimi ukwato huu nimeukata mwenyewe, nikausifu." Akachukua kisu, akakwangua pale, akapata mstari mweusi mwembamba kama uzi kati ya soli na ukuta wa ukwato. Daktari wa mifugo akamwambia aufuate. Akaufuata polepole, mimi nimeshika kichwa, namwongelesha, safari hii mwalimu wa kupanda hakunikataza. Mara usaha ukatoka, mweusi, unanuka hadi mtu mmoja akakimbia nje. Mwishoni kikatoka kijiwe, Bibi, kidogo kama punje ya mchele. Kilikuwa kinapanda ndani ya ukwato taratibu sijui tangu lini. Sisi huku tunamwita mvivu.

Tulimloweka mguu kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu na chumvi kila asubuhi na jioni, tukamfunga bandeji, tukamweka kwenye nyasi kavu. Sikumwomba chochote. Nilikaa kwenye ndoo yangu. Baadaye nikaona anapumzisha mguu wa kushoto! Nililia, wenzangu wakadhani amekufa.

Nilingoja tena. Kisha nikasimama begani, nikashusha mkono kama ulivyosema, kiunoni, pajani, gotini. Alikaza. Nikapumua. Akahamisha uzito, akautafakari ule mguu wa kulia kama mtu anayejaribu kiti kibovu. Ukamshikilia. Akainua wa kushoto. Si juu, Bibi, kiasi cha kupitisha kiganja. Nikamwachia papo hapo. Kesho yake akautoa zaidi. Juzi fundi amekata ukwato wote na kupiga tupa, naye Tulia amemtafuna kola ya shati.

Mnunuzi alikuja siku aliyosema. Mwenye zizi alimpokea, akampa maji ya kunywa, akamwonyesha mguu. Yule mtu akasema, "Basi heri yake," akaenda zake. Tulia anabaki. Mwenye zizi amesema ni mimi nitakayempanda wa kwanza, mkono wangu ukipona. Nimetolewa plasta, vidole vinafunguka.

Sasa Bibi, naomba uketi. Wewe ndiye uliyesema daktari awepo. Kwa farasi alikuwepo. Kwako yuko wapi? Mficha maradhi, kilio humuumbua. Usiniambie methali hiyo ulinifundisha wewe, najua ulinifundisha wewe. Naogopa. Niliogopa kwa Tulia, lakini Tulia nilikuwa nimekaa mlangoni kwake namwona. Wewe sikuoni. Unaniandikia mistari mitano ya matusi na nusu mstari kuhusu mwili wako.

Usipoenda hospitali sitaandika tena. Nimeapa mbele ya Tulia.

Mjukuu wako


Nyumbani, tarehe 26 Julai

Mke mwenzangu,

Marahaba tatu, moja nimempa Karani, ameitikia kwa kutikisa mkia.

Kwanza, mtu mzima hatishiwi. Ungeniapia mbele ya ng'ombe zizi zima nisingeenda. Nimeenda kwa sababu nilikuwa na safari ya upande huo.

Baba yako alinipeleka. Daktari ni kijana, sauti ya upole, mikono baridi. Akaniuliza, "Bibi, maumivu yameanza lini?" Nikamwambia juzi. Baba yako akakohoa. Nikamwambia wiki iliyopita. Baba yako akakohoa tena. Ikabidi niseme ukweli, vinginevyo angelazwa yeye kwa kifua. Wamenipiga picha. Nyonga imelika, kama bawaba ya mlango iliyokosa mafuta. Haitarudi ilivyokuwa, amesema wazi, na nimempenda kwa hilo. Kuna dawa, kuna mazoezi ya kulala chali na kuinua miguu kama mtoto mchanga, na kuna fimbo. Dawa nakunywa. Mazoezi nafanya nimefunga mlango. Fimbo nimeiegemeza ukutani, inausaidia ukuta.

Mama yako nilimuomba radhi kwa ile habari ya beseni. Sikumuomba kwa maneno. Nilimfulia zile nguo upya, nimekaa, naye akaniletea maji. Tumeelewana.

Kijiwe cha punje ya mchele, na mnyama mzima aelekee machinjoni. Nimekaa na jambo hilo. Nimewaza farasi niliowashika ujanani, waliokuwa wanakaza, nikawashinda kwa nguvu nikasifiwa. Sitaki kuwawaza wote, ni wengi. Wewe bado una wachache. Anza vizuri.

Sasa habari ya Karani. Nilimuuliza daktari kama nitapanda tena. Akasema nisipande kwa kukanyagia mguu huu wa kushoto. Baba yako alisikia kwamba nisipande. Lakini mgonjwa ni mimi na masikio ni yangu. Farasi wote tunawapanda kwa kushoto, mguu wa kushoto ukitangulia kwenye rikabu, tumezoea hivyo, na wao wamezoea hivyo. Nikajiuliza, nani alisema upande wa kulia hauna mlango?

Nimeanza kumfunza. Mzee mzima yule, ambaye maisha yake yote hajaona mtu akimjia kwa kulia na tandiko! Siku ya kwanza nilisimama tu upande huo, akageuza shingo akanitazama kama nimepotea njia. Akazunguka anipe upande wangu wa siku zote. Nikazunguka naye. Tukazungukana hivyo uani, fundi cherehani ameacha mashine yake anatuangalia dirishani. Nikamuuliza kama tunamdai kiingilio. Sikumbana Karani, sikumfunga. Akisimama mahali pake, nampa mkono shingoni na namwacha aende. Kesho tena. Baadaye nikaleta kigoda, nikapanda kigoda tu, nikashuka. Kisha nikamwegemea mgongoni kwa mikono. Kila siku kidogo, nikiona sikio limerudi nyuma naacha. Yeye anajifunza, mimi najifunza, na sioni nani kati yetu ni mzito wa kuelewa.

Baba yako ndiye anayemshika kichwa. Alikataa kwanza. Akasema, "Mama, nikikusaidia kuvunjika watu wataniambia nini?" Nikamwambia watasema alimtii mama yake. Sasa anakuja mwenyewe kabla ya kwenda na baiskeli, na ameanza kumkuna nyuma ya sikio bila kuambiwa.

Jana asubuhi nilisimama juu ya kigoda upande wa kulia, nikaweka tumbo mgongoni kwa Karani, bila tandiko, nikaachia miguu yote miwili, mzima na mgonjwa. Nimelala pale kama gunia la pumba, kichwa huku, miguu kule, kitenge kimepanda, sitaki hata kufikiri nilifananaje. Karani alikaza. Nikapumua. Nikamsikia naye anapumua, tumbo lake linaninyanyua na kunishusha. Nyonga haikusema kitu.

Baba yako akachungulia chini ya shingo ya Karani. Akauliza, "Mama, nikushushe?"

Nikamwambia, "Ngoja kwanza. Tunazoeana."

Bibi yako